Tuwaangalie na wale waliokaa kwenye madawati

Nimeiandika hii kama nilivyoongea Jumamosi kwenye kikao cha wazazi na walimu baada ya kuonyesha filamu, nimeongezea vitu viwili vitatu ambavyo pale muda ulinibana.

Mwalimu mkuu, walimu wangu, mwenyekiti wa kamati ya shule, wazazi wenzangu, na nyie watoto wa darasa la tano na la sita mliokubali kuja shule siku ya Jumamosi, wakubwa shikamooni, watoto hamjambo.

Kwanza poleni na joto, tumeziba madirisha kwa makanga ili picha ionekane ukutani na hewa ikawa shida. Pili naomba radhi kwa tafsiri, filamu ni ya Kichina na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, nikawa nasoma huku natafsiri kwenye maiki huku wale watoto wanaongea haraka haraka kama mnavyojua watoto wakigombana, kwahiyo pale nilipoachwa nyuma mnisamehe.

Mliyoiona inaitwa Please Vote for Me, yaani tafadhali nipigie kura. Ilitoka mwaka 2007, aliyeitengeneza ni Mchina anaitwa Weijun Chen, ni mtu ambaye kabla ya hapo alishafanya filamu ya familia moja ya kijijini iliyokuwa inaishi na UKIMWI, kwahiyo ni mtu aliyezoea kukaa na watu ndani ya nyumba zao mpaka wanasahau kwamba kuna kamera. Haifiki hata saa nzima. Mji ni Wuhan, shule ni ya msingi, kwa Kiingereza wanaiita Evergreen, darasa ni la tatu, watoto wana miaka 8. Na kinachotokea humo ndani ni kitu kimoja tu, wanachagua monita. Mwaka huohuo wa 2007 ilichukua tuzo kubwa kwenye tamasha la Silverdocs kule Marekani, uchaguzi wa monita wa darasa la tatu!

Kuhusu majina ya wale watoto, mmeyasikia, yapo kwenye filamu, lakini mi leo sitayataja. Wale leo ni watu wazima wamevuka miaka 25, wana kazi zao, pengine na watoto wao, na dunia nzima imewaona wakilia kamasi mbele ya darasa wakiwa na miaka 8, umri ambao hata ukiulizwa kama unakubali kurekodiwa hujui unakubali nini. Mi naona kuwaita majina hapa kwenye kikao chetu sio heshima, ntasema yule monita wa zamani, yule mwenye maneno mengi, na yule binti. Mtanielewa.

Sasa kwanini nimeomba tuiangalie leo. Mwalimu mkuu aliniambia muhula huu watoto wenyewe ndio watapiga kura ya viranja na mamonita, hakuna kuteuliwa tena na mwalimu wa darasa, na nikafurahi sana, lakini usiku ule sikulala vizuri kwasababu nikaikumbuka hii filamu. Niliiona mara ya kwanza kulekule Wuhan, nilikaa pale miaka minne nasoma, 2011 mpaka 2015, jamaa mmoja hosteli alikuwa nayo kwenye flashi. Nyie mji ule wengi mlikuja kuusikia 2020 kwa sababu ya korona, mkaona picha za barabara tupu mkadhani ndio ulivyo. Sio hivyo kabisa, Wuhan ni mji wa watu zaidi ya milioni 10, una mto mkubwa Yangtze unapita katikati, wenyewe wanauita Changjiang maana yake mto mrefu, na mto mwingine Han unaingilia hapohapo, ukiwa upande wa Wuchang unataka kwenda Hankou unaweza kupanda kivuko kama sisi na Kigamboni, na asubuhi watu wanakula tambi zilizochanganywa na ufuta wa kusaga, wanakula wamesimama, wengine wanatembea nazo kwenye kikopo cha karatasi wakiwahi kazini.

Ila kitu kilichokuwa kinanisimamisha mimi kila siku ni geti la shule ya msingi iliyokuwa njiani kwangu. Saa za jioni kutoka pale unakuta umati, na wengi sio wazazi, ni mabibi na mababu. Bibi anampokea mjukuu, anamvua begi analibeba yeye, babu anashika chupa ya maji, mtoto anatembea katikati mikono mitupu kitambaa chekundu shingoni, kile cha chipukizi wao. Watu wazima wawili au watatu kwa mtoto mmoja. Mwanzoni nilikuwa naona wanamdekeza tu, mpaka mwenyeji mmoja akanielewesha hesabu yake. Kuanzia mwaka 1980 hivi serikali yao ilibana, wengi mijini mtoto mmoja tu, na sheria hiyo imekuja kuondolewa 2016. Kwahiyo mtoto ana mama na baba, mama ana wazazi wawili na baba ana wazazi wawili, jumla watu wazima sita na matumaini yao yote wameyaweka kwenye kichwa kimoja. Huyo mtoto hana kaka wa kumfuta aibu wala dada wa kufaulu badala yake, akishindwa kuwa monita wameshindwa watu saba.

Nawaomba mkikumbuka filamu mkumbuke na hiyo hesabu, kwasababu nimesikia minong'ono huku nyuma wakati inaendelea, mzazi gani huyu, mama gani anamfanyia mtoto hivi. Jamani wale sio wazazi wabaya. Wanawapenda watoto wao kupita kiasi, na filamu inaonyesha mapenzi hayo yakikosea njia mbele ya macho yetu taratibu, usiku baada ya usiku, sebuleni.

Turudi mwanzo. Mwalimu anasimama anawaambia darasa kwamba mwaka huu monita atachaguliwa kwa kura, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Wagombea ni watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, na hao watatu wamechaguliwa na watu wazima, watoto hawakuulizwa nani agombee. Hilo liwekeni pembeni kidogo ntalirudia. Kila mgombea anapewa wasaidizi wawili, halafu kuna hatua tatu, kuonyesha kipaji, mdahalo, na hotuba ya mwisho. Na monita kule sio cheo cha kufuta ubao. Mwalimu asipokuwepo yeye ndio mwalimu, anapanga mstari, anatuliza darasa, anaripoti nani kafanya nini. Sisi tuliosoma shule za mjini hapa tunamjua vizuri huyo mtu.

Yule monita wa zamani alikuwa kwenye kiti miaka miwili. Wazazi wake wako polisi. Yule mwenye maneno mengi mama yake anafanya kazi televisheni. Binti analelewa na mama peke yake, mama alishaachana na baba, anafanya kazi palepale shuleni. Mnaona mzani ulivyokaa kabla hata kampeni haijaanza.

Sasa kuna sehemu naomba mniruhusu nikae kidogo, inapita haraka sana kwenye filamu na mi mwenyewe mara ya kwanza sikuiona. Mwanzoni kabisa wazazi wa yule monita wanataka kumsaidia mbinu za kushinda, na mtoto anakataa. Anakataa! Anataka wenzake wafikirie wenyewe wamchague nani, hataki kuwashika akili. Mtoto wa miaka 8, hakuna aliyemfundisha, hakusoma kitabu chochote cha siasa. Lilitoka kwake lenyewe. Na wale wazazi wakacheka kidogo, wakamwelekeza, wakambembeleza, mpaka mwisho wa filamu ni mtoto mwingine kabisa. Mi nimeiangalia filamu hii sasa mara tano au sita, na kila mara nikifika hapo natamani niingie kwenye ile sebule niseme jamani subirini, amesema kitu kikubwa huyu, msimfute.

Halafu ikaja siku ya vipaji na binti. Mmeona wenyewe. Kabla hata hajaanza, darasa linamzomea, makelele yamepangwa, na aliyeyapanga ni mpinzani wake, yule mwenye maneno, alipita kuwaambia wenzake wapige kelele. Binti akaanza kulia. Na kilio kikasambaa, mara wasaidizi wanalia, mara darasa zima halieleweki. Humu ndani nilisikia kimya kikubwa pale, na niliona mama mmoja anafuta macho. Mi nawaza kwamba wale waliozomea hawakuwa na ugomvi wowote na yule binti, jana yake walicheza naye. Waliambiwa tu zomeeni wakazomea, na walipoona amelia wakashtuka kwamba kumbe kuzomea kunauma. Walijifunza hilo siku ile kwa gharama ya mwenzao.

Baadae monita wa zamani akaona hali ngumu, akataka hata kujitoa. Hapo baba yake akaingia. Kwa nafasi yake kazini darasa zima likapelekwa kupanda treni ya juu, ile ya mji wa Wuhan inayopita juu ya nguzo. Lazima mwelewe ile treni kwa wakati ule ilikuwa kitu gani, njia ya kwanza ilifunguliwa 2004, kwahiyo ilikuwa bado mpya, watoto wengi hawajawahi kuipanda, ni kama mtoto wa hapa mngemwambia 2024 wakati SGR ndio inaanza kwamba twende Morogoro na kurudi bure, darasa zima. Nani angekumbuka kampeni ya mwingine?

Kwenye mdahalo wagombea wanasimama wawili wawili wanatajiana makosa. Makosa yenyewe yameandaliwa nyumbani na wazazi, mtoto amekaririshwa, unaona kabisa macho yake yanatafuta mstari unaofuata. Na hapo ndipo linapotoka jambo ambalo kila mtu darasani alikuwa analijua, kwamba monita huyu anapiga. Anawapiga wenzake. Darasa likaulizwa, na mikono ikanyooshwa.

Hiyo mikono ndio imenileta hapa leo.

Kwasababu watoto walewale, mikono ileile, siku chache baadae waliandika jina lake kwenye karatasi. Alishinda, na hakushinda kwa kubahatisha, aliwaacha wenzake mbali. Siku ya hotuba ya mwisho aligawa na vizawadi vya sikukuu yao ya mwezi wa vuli, darasa zima likapata. Kura zikahesabiwa mbele ya darasa, wawili walioshindwa wakalia, filamu ikaisha.

Nimesoma na kusikia watu wengi wakiizungumzia hii filamu na karibu wote wanaongelea wagombea watatu. Huyu mjanja, huyu mnyanyasaji, huyu mpole. Mi nataka leo tuongelee wale wengine, wale waliokaa kwenye madawati, ambao ukiondoa vichwa na vitambaa vyekundu hatujui hata sura zao. Kwanini mtu anyooshe mkono kwamba ndio huyu ananipiga, halafu ampe kura?

Treni ni sehemu ya jibu, na zawadi ni sehemu ya jibu, sikatai. Lakini mi nilikuwa monita, darasa la nne, mwaka 2000, shule ya mjini hapahapa, na najua kuna kitu kingine.

Naomba niwaambie, sijawahi kukisema hadharani. Tulikuwa wengi sana darasani, dawati la watu wawili tunakaa wanne, na mwalimu akitoka mi nabaki mbele na karatasi ya wapiga kelele. Nyie mnaijua ile karatasi. Jina, halafu ukiendelea unawekewa mara mbili, mara tatu, halafu sugu. Mwalimu akirudi anasoma anaita, hana haja ya kuuliza, neno la monita ni ushahidi tosha. Nilikuwa na rafiki, tulikuwa tunarudi wote nyumbani kila siku. Siku moja mapumziko alinunua muhogo na chachandu, nikamuomba akaninyima, na hakuwa na kosa, ulikuwa mmoja tu ule na hakula asubuhi. Kipindi kilichofuata mwalimu alitoka, nikaandika jina lake. Hakuwa amepiga kelele, alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati. Nikaweka na sugu. Alichapwa viboko vinne, na wakati anachapwa aliniangalia mimi, hakumwangalia mwalimu, na hakusema lolote, hakujitetea kabisa, kwasababu alijua na mi nilijua kwamba kesho karatasi itakuwa mkononi kwangu tena. Alihama dawati. Mwaka ulipoisha walihama na mtaa, sikumuona tena mpaka leo, na sijawahi kumuomba msamaha.

Kama wiki ile tungepigishwa kura ya monita, nina uhakika angeandika jina langu. Maana asipoliandika na mi nikashinda je? Na nisiposhinda, atakuja nani, naye atakuwa na karatasi ileile na fimbo itakuwa ileile. Wazee wetu walishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wale watoto wa Wuhan walimjua zimwi wao, walijua anapiga vipi na kwa kosa gani, wakajua na baba yake ana treni. Hawa wengine wawili walikuwa hawajulikani watafanya nini wakipewa kiti. Kwahiyo mi siwezi kusema wale watoto walichagua kijinga. Walipiga hesabu ya mtu anayejua kwamba kesho asubuhi atakaa chumba hichohicho, chini ya monita, na cheo cha monita hakijabadilika hata kidogo. Walibadilishiwa namna ya kumpata tu.

Filamu hii haikutengenezwa peke yake. Ilikuwa moja ya filamu 10 za mradi mmoja uliosimamiwa na watu wa Afrika Kusini, wakauliza dunia swali la kwanini demokrasia, zikaonyeshwa kwenye televisheni za nchi nyingi Oktoba 2007. Kulikuwa na ya Liberia na mama Ellen Johnson Sirleaf mwaka wake wa kwanza, ya Pakistan, ya Misri, ya Japani na nyingine. Na mi kila nikiikumbuka ile Oktoba nakumbuka kilichofuata hapa jirani. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo wenzetu wa Kenya walipiga kura, na ndani ya wiki chache wakafa watu zaidi ya 1,100. Wale waliobeba mapanga walikuwa wameshakaa kwenye darasa la tatu mahali fulani, na wale waliowatuma pia. Sisemi kwamba monita ndio chanzo cha vita, msinielewe vibaya. Nasema tu kwamba kuzomea kwa kutumwa kunaanzia mahali, na kumpa mtu kura kwasababu unamuogopa kunaanzia mahali, na mahali penyewe panafanana sana na hiki chumba tulichokaa.

Sasa shule yetu. Nimeongea na mwalimu mkuu kabla na amenipa ruhusa niseme ninayofikiria, mtakayoyakataa myakatae.

La kwanza ni lile nililosema ntalirudia, la nani anagombea. Wale watatu wa Wuhan waliteuliwa, na ukiwaangalia unaona waliteuliwa watoto ambao tayari walishajulikana kwa walimu. Hapa tukiteua sisi najua tutamteua nani, mtoto anayeongea vizuri Kiingereza, mtoto wa mzazi anayekuja vikao, mrefu kidogo, sare imenyooka. Mtoto anayeuza barafu na mama yake baada ya shule, ambaye darasa zima linamsikiliza akisema jamani tulieni, huyo hatutamuona kwasababu sisi hatukai kwenye madawati. Watoto wanamuona. Waachieni wao wapendekeze.

La pili tena naomba hili walimu wangu mnisikilize kwa upendo, fimbo na karatasi. Kiranja asipewe fimbo. Monita asipewe karatasi ya majina ambayo haijadiliwi. Najua darasa lina watoto wengi kuliko mwalimu mmoja anavyoweza, najua tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yalifurika na mikono yenu ni miwili, silaumu, nimekaa kwenye madarasa hayo. Lakini mtoto wa miaka 10 akipewa uwezo wa kumchapisha mwenzake bila kuulizwa, ataharibika huyo mtoto, hata awe mwema kiasi gani, mi ni shahidi. Mwalimu akirudi akauliza hata swali moja tu, huyu alifanya nini, na wewe mwenyewe unasemaje, ile karatasi inapoteza sumu yake. Mwalimu wangu angeniuliza swali hilo moja nisingeweza kujibu.

Na sisi wazazi. Kuna mzazi hapa alininong'oneza wakati wa chai kwamba anafikiria kuchapisha tisheti za mwanae. Mama, najua humaanishi vibaya, na sitakuonyesha. Naomba usichapishe. Mmeona treni. Mwenye baba mwenye treni atawashinda wote na hakuna atakayejua kama alishinda yeye au ilishinda treni, hata mtoto mwenyewe hatajua, na nafikiri hilo ndilo linamuumiza zaidi, kwamba amekaa kwenye kiti na hajui kama wenzake wanamtaka. Mtoto akija nyumbani akasema nagombea, muulize unataka kuwafanyia nini wenzako, halafu nyamaza. Akitunga hotuba mbovu mwachie ubovu wake. Akikwambia sitaki unisaidie nataka wenzangu waamue wenyewe, basi mama yangu, baba yangu, nakuomba ukubali palepale, usicheke.

Kura iwe ya siri, hilo walimu wameshakubali, kila mtoto anaenda nyuma ya ubao peke yake na kalamu. Na zihesabiwe mbele yao.

Nilitaka nimwongelee na yule binti pia, maana sijamtendea haki leo, nimemtaja kwa kilio chake tu. Baada ya siku ile ya kuzomewa angeweza kabisa kukaa nyumbani. Alirudi. Alisimama kwenye mdahalo, alisimama kwenye hotuba ya mwisho, mpaka kura ikapigwa jina lake lilikuwa ubaoni, na mama yake peke yake nyuma yake hakuwa na treni wala televisheni. Watoto wa kike mliopo hapa mmemuona. Safari hii nimeangalia orodha ya waliojiandikisha kwa walimu kuonyesha nia ya kugombea, darasa la tano wavulana ni 7 na wasichana ni 2. Fomu bado zipo mpaka Jumatano.

Juzi tuliwaonyesha watoto wa darasa la nne kipande kidogo cha hii filamu, ile sehemu ya kura, nikawauliza nyie mngempa nani. Wengi walisema yule monita, kwa ajili ya treni, wakasema wazi kabisa. Halafu mtoto mmoja mdogo sana wa mwili, amekaa dawati la nyuma, akauliza, "Mjomba, na wale walionyoosha mikono, baada ya hapo aliacha kuwapiga?" Nikamwambia filamu iliisha kabla hatujaona. Hakuridhika, akauliza tena, sasa nani alienda kuwauliza? Sikuwa na cha kumjibu, na nilivyofika nyumbani nikaifuta hotuba niliyokuwa nimeandaa nikaandika hii.

Kwahiyo mi naomba kitu kimoja cha mwisho kwa mwalimu mkuu, na nimeshamwambia pembeni. Mwezi mmoja baada ya uchaguzi, na tena kabla ya kufunga shule, watoto wakalishwe bila viranja na bila mamonita ndani, waulizwe wanatendewaje, na majibu yao yafanyiwe kazi. Dakika 20 zinatosha. Amesema atalipeleka kwenye kikao cha walimu.

Nimeishia hapo, asanteni kwa kunisikiliza kwenye joto hili. Maswali tunaanza na watoto, wakubwa mtasubiri kidogo. Kuna mkono umenyooshwa pale dirishani tangu filamu iishe, nimeuona muda wote naongea, mwenzako anakushusha na wewe unaunyoosha tena. Mpeni maiki.